Alhamisi Wanamchoma

Kitu cha kwanza nilichokijua kwake kilikuwa ngumi yake, na niliisikia kabla sijamwona mwenyewe. Nilikuwa nimehamia juzi tu katika nyumba ile ya vyumba vingi na choo kimoja cha uani. Nimesimama na kopo langu la maji nikingoja zamu, mara mlango wa bati ukalia du! kutoka ndani. Kimya. Halafu tena, du!, na sauti ya mtu anayesema huku ameuma meno: "Toka! Toka, shetani wee! Toka!"

Nilidhani wamo wawili na mmoja anamuua mwenzake. Nikageuka kutafuta wa kumwita. Mama mmoja aliyekuwa akifua palepale hakuinua hata kichwa.

"Yuko peke yake," akasema, akikamua shati. "Anagombana na mkojo."

Mwishowe mlango ukafunguliwa kwa teke. Akatoka mzee wa kimo cha kawaida tu, lakini mabega yamejaa mlango mzima, vidole vinene kama vishikio vya patasi, jasho linamtiririka shingoni. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkalia juu ya kibofu.

"Unasubiri nini? Ingia! Wewe wako unatoka, mshukuru Mungu."

Niliingia. Ule mlango kwa ndani ulikuwa umejaa mabonde kutoka juu hadi chini. Jumamosi yake nikamwona ameung'oa kwenye bawaba, ameulaza juu ya mapaja, ana nyundo ya mbao mkono mmoja na kipande cha chuma mkono wa pili, ananyoosha bonde moja baada ya jingine kwa mapigo madogo yasiyokosea, hadi bati likawa laini kama lilitoka dukani. Akaurudisha mahali pake. Jumatatu akaanza kuubonda upya.

Alikuwa fundi bodi. Magari yaliyogongwa yaliletwa kwake yamekunjamana kama karatasi, naye aliyarudishia sura. Mtaa mzima ulimwita Kishindo, na sidhani kuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Ufundi aliupata utotoni kwa bwana mmoja aliyefundisha kwa kurusha: ukikosea, nyundo inakuja. Nyusi yake ya kushoto ilikuwa imegawanyika mara mbili, na alipoulizwa alisema, "Hii ni somo la kwanza. Somo la pili liko kisogoni." Kutoka kwa bwana yule alibeba kanuni moja tu, nayo ilimtosha kwa maisha yote: bati haliombwi, bati linapigwa.

Na kanuni hiyo aliitumia kwa kila kitu kilichomgomea. Mteja mmoja aliyelalamika kwamba boneti lake lina mawimbi alitumbukizwa kichwa kwenye pipa la maji, akaulizwa kama sasa anaona mawimbi vizuri. Dereva wa lori aliyekataa kusogeza gari lake mlangoni mwa gereji alilisogeza akiwa amepungukiwa jino. Hata nyumbani, miaka ya mwanzo ya ndoa, aliwahi kumwinulia mkewe mkono. Mkewe hakupiga kelele wala hakurudi kwao. Aliinua sufuria lililokuwa likichemka jikoni akammwagia mgongoni. Nilisimuliwa na mama mwenyewe, akimenya viazi.

"Ngozi ilitoka kama ya nyanya," alisema. "Nikamuuguza mwenyewe. Alipopona tukaelewana. Tangu siku hiyo hajainua mkono humu ndani."

"Na ukali wake, mama?"

"Anautolea gerejini. Ndiyo maana Mungu kampa mdogo wake."

Huyo mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa fundi rangi katika gereji hiyohiyo, na watu walimwita Rangi. Kishindo ananyoosha, Rangi anapaka puti ya kuziba mikwaruzo, anapiga msasa, anapuliza. Walifanya kazi pamoja tangu ujana na sijawahi kusikia wakisemezana kwa sauti ya kawaida. "Umeacha bonde hapa, kipofu!" "Bonde liko kwenye ubongo wako!" Spana ziliruka. Siku moja Rangi alishonwa nyuzi kichwani asubuhi, mchana akala chakula kwenye sahani moja na aliyempasua. Fundi umeme wa gereji, mtu mwenye maneno mengi na ushahidi wa kila jambo, alikuwa akisema, "Wale ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime. Lakini lima mbali, usije ukapigwa na kitu."

Sasa adui aliyemvamia Kishindo uzeeni hakuwa wa kurushiwa spana. Ilikuwa tezi dume, ile nyama ndogo inayoizunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Ilinenepa, ikaibana njia kama kibanio. Kwanza mkojo ulichelewa. Halafu ukawa unatoka kwa matone, kama bomba lililokatiwa maji. Alikwenda chooni, akasimama, akangoja, akapiga bati, akarudi kazini, na kabla hajaokota nyundo tumbo likamwita tena. Hasira ambazo zamani zilikuja na kuondoka sasa zilihamia kwake na mizigo yao.

Siku mkojo ulipoziba kabisa, alikuwa amemkaba mteja shingoni kwa sababu ya bampa. Ghafla mikono yake ikalegea, akajikunja, akaanguka juu ya tairi, tumbo la chini gumu kama ngoma. Mteja aliyekabwa ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lenye bampa linaloning'inia. Pale Kishindo alilipiga teke trei la nesi, vyuma vikatawanyika sakafuni, akamwambia nesi mwenyewe kwamba akiingiza mpira huo wa kutolea mkojo mahali hapo atautoa akiwa maiti. Uliingizwa. Mfuko ukajaa, ukabadilishwa, ukajaa tena, na yule simba akasinzia mdomo wazi kama mtoto aliyenyonya.

Mara mbili walimtoa mpira wamjaribu. Mara mbili mkojo ukagoma, mpira ukarudi. Akaanza kutembea na mfuko umefungwa pajani chini ya ovaroli, na bomba lake likichomoza kiunoni. Fundi bodi kazi yake ni kuinama, kulala chini ya gari, kupanda, kuvuta. Kila alipojinyoosha, kitu kilimvuta ndani. Siku moja dereva wa teksi aliuona ule mfuko akacheka.

"Mzee, siku hizi redieta unavaa nje?"

Kishindo akamvunjia taa zote mbili za mbele, kisha pua.

Ndipo mkewe akaniomba niwasindikize kwa daktari wa njia ya mkojo. "Wewe umesoma," alisema, "wakisema maneno yao utatushikia." Daktari alikuwa mwanamke mpole, anayeongea taratibu. Alisema hii si saratani, ni unene unaowapata wanaume wengi wakizeeka. Kwa kawaida angemlaza usingizi na kuikwangua, lakini moyo wa mzee ulikuwa hauaminiki. Angeweza kulala asiamke. Bila tiba nyingine, mpira ungekuwa wake mpaka kaburini.

"Lakini iko mashine," akasema. "Tunapitisha mrija mwembamba katika njia ya mkojo. Ndani yake kuna antena ndogo inayotoa mawimbi. Mawimbi yanaitia tezi joto mpaka nyama iliyozidi inakufa, halafu yenyewe inasinyaa polepole. Maji baridi yanazunguka ndani ya mrija ili njia isiungue. Hulali usingizi. Hukatwi."

"Mawimbi gani?" Kishindo akauliza. "Ya redio?"

Nesi aliyekuwa pembeni, mwenye moyo wa kusaidia, akadakia: "Kama yale ya maikrowevu ya jikoni, baba. Ile ya kupashia chakula."

"Chakula gani?"

"Chochote. Kiporo, kwa mfano."

Nilimwona mke wa mzee akifumba macho.

Kiti kilikwenda ukutani kwanza. Kikarudi, kikavunja kioo cha kabati, chupa zikamwagika. "Mimi si kiporo!" Mlinzi akaingia, akashikwa kola, akatolewa nje kwa kichwa. "Mmesikia? Si kiporo! Nipashwe moto mimi, nimelala wapi, kwenye friji? Mke wangu alinimwagia maji ya moto nikamsamehe kwa sababu ni mke wangu. Nyie ni nani?" Mfuko ukamkatikia pajani, mkojo ukasambaa sakafuni, naye akateleza, akaanguka kwa goti, akaendelea kutukana akiwa amepiga goti. Daktari hakukimbia. Alisubiri amalize, akasema, "Mashine iko hapa Alhamisi, baba. Fikiria."

"Nimekwisha fikiria," alijibu, na nyumbani akaapa mbele ya watu wote uani: atakayemtajia mashine hiyo atapigwa kama boneti.

Basi watatu wakapanga kimyakimya: mkewe, binti yao mshonaji, na Rangi. Siku ya kubadilisha mpira ilikuwa imefika hata hivyo. Wangempeleka Alhamisi wakisema ni kwa ajili ya mpira, na akishafika pale daktari azungumze naye tena, mbali na viti. Rangi alitafuta gari na vijana wawili wa matairi wa kumshika asije akaumiza watu. Mpango ulikuwa wa upendo, nawahakikishia. Walichosahau ni lugha.

Kwa maana daktari alisema "kutia joto," lakini nani anasema hivyo nyumbani? Mke alipomweleza binti, alisema "wanaichoma ile tezi." Binti alipomweleza baba mdogo wake, ilibaki "wanamchoma." Na neno hili kuchoma ni kisu chenye makali kila upande. Tunachoma nyama, tunachomwa na jua, mtoto anachomwa sindano. Mwizi akikamatwa mtaani, anachomwa. Mtu akichokoza walevi, anachomwa kisu. Neno ni moja, na anayelisikia ndiye anayechagua maana, kwa kadiri ya jinsi alivyoishi.

Kishindo alikuwa chini ya gari, amelalia ubao, ananyoosha sehemu ya chini ya mlango. Rangi hakumwona, na mlio wa nyundo alidhani unatoka gari la jirani. Alisimama upande wa pili wa gari hilohilo, bomba la kupulizia rangi mkono mmoja, simu mkono mwingine, akizungumza na binti. Fundi umeme aliyasikia yote, akanisimulia neno kwa neno.

"Ndiyo, Alhamisi. Alhamisi wanamchoma... Hapana, hajui kitu. Akijua ataua mtu... Nimepata vijana wawili wa nguvu, wao watashika mikono, mimi nitashika miguu... Mama yako si ndiye aliyepanga?... Usilie, mwanangu. Hawakawii. Wakishamchoma yamekwisha, tutapumzika sote. Hata yeye atapumzika."

Chini ya gari nyundo ikanyamaza.

Nimejaribu kufikiri alichosikia mtu yule akiwa amelala chali na uzito wa gari juu ya uso wake. Mdogo wake. Binti yake. Mkewe ndiye aliyepanga. Mtu aliyepiga kila kilichomgomea, maisha yake yote, hawezi kushangaa sana akisikia kwamba zamu yake imefika.

Alitoka kwa kuteleza, kama nyoka anayetoka kwenye bomba, na nyundo ya chuma mkononi, ile nzito ya kupigia chesisi. Rangi alipogeuka, pigo lilikuwa njiani kuja kichwani. Akainua mkono wa kulia kujikinga. Fundi umeme anasema mlio wa mfupa ule aliusikia akiwa ndani ya boneti, na alidhani ni fimbo ya kushikia boneti imekatika.

Simu ikaanguka, binti bado anaongea humo. Rangi akapiga yowe, lakini bomba la rangi lilikuwa mkono wa kushoto, na fundi hufanya kazi na alichonacho. Akalibonyeza. Rangi nyekundu ikampiga Kishindo usoni, machoni, mdomoni. Kishindo akaendelea kupiga bila kuona: nyundo ikapasua kioo cha mbele, ikabonda paa alilolinyoosha asubuhi, ikang'oa kioo cha pembeni. "Mnichome! Njooni mnichome sasa!" Rangi akamrukia kifuani kwa bega, wote wawili wakaangukia kwenye bampa lililong'olewa, wakagaagaa, wakaumana. Meno ya Kishindo yalizama sikioni mwa mdogo wake. Goti la mdogo wake lilizama tumboni mwake.

"Ndugu yangu wa tumbo moja!" Kishindo akatema rangi na damu. "Unichome!"

"Hospitali, mjinga wee!" Rangi akalia. "Hospitali!"

"Utakwenda wewe hospitali!"

Akainuka kumalizia. Lile bomba la mfuko wa mkojo lililochomoza kiunoni lilikuwa limenasa kwenye ncha ya bampa, na yeye aliinuka kwa nguvu zake zote. Mpira ule kwa ndani hushikiliwa na kiputo kilichojazwa maji ili usichomoke. Ulichomoka. Fundi umeme, ambaye hujaza maelezo ya kila kitu, hapa huinua tu mkono na kusema hawezi. Alichokubali kuniambia ni kwamba Kishindo hakupiga kelele mara moja. Alijitazama kwanza. Kisha akatoa sauti iliyowatoa watu madukani, na walipofika walikuta wazee wawili wekundu toka kichwani hadi magotini, na hakuna aliyeweza kujua ipi ni damu na ipi ni rangi.

Walipelekwa kwa gari moja, na chumba cha dharura kikawalaza vitanda vya jirani, pazia katikati. Mkewe na mimi tulifika nesi akiwa ameshika sindano.

"Tulia, baba. Nakuchoma kidogo tu, maumivu yapungue."

Mkono wa Kishindo ukamdaka nesi kifundo cha mkono. Macho yake, yenye kope nyekundu za rangi, yakamtafuta mkewe.

"Na huyu naye yumo?" akasema kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo. "Mama watoto, ungesubiri tu. Mimi mzee. Ningekufa mwenyewe."

"Anasema nini huyu?" mkewe akauliza.

Pazia likafunguliwa kwa mguu. Rangi alikuwa amelala na mkono uliopinda pasipotakiwa kupinda, na sikio limefungwa bendeji. "Anasema tunamchoma! Kanivunja mkono kwa sababu nilisema Alhamisi wanamchoma! Mwambie, shemeji! Mwambie wanamchoma nini!"

"Tezi," mkewe akasema. "Kwa ile mashine. Mume wangu, tezi! Wewe ulidhani nini?"

Nesi bado alikuwa ameshikwa kifundo. Nilimwona Kishindo akilipitisha lile neno kichwani upya, polepole, kama mtu anayepapasa bati kwa kiganja akitafuta bonde lilipo. Vidole vyake vikafunguka. Mkewe akaanza kucheka, kicheko kile kibaya kinachokuja na machozi, akajiziba mdomo kwa kanga, na nesi, maskini, akamchoma mzee sindano huku watu wote wanatazama kwingine.

Rangi hakucheka. "Mkono wa kupulizia," alisema, akiutazama. Kisha akavuta pazia.

Hakusema neno jingine kwa kaka yake. Alipelekwa kwa binti yake mwenyewe akauguze mfupa, na alipopelekewa salamu alizirudisha kama zilivyo. Kishindo alibaki wodini mpaka damu ikakauka katika njia ya mkojo, na mpira mwingine akawekewa, mnene kuliko wa kwanza. Hakutukana. Wauguzi walianza kumwogopa zaidi.

Siku moja nilimpelekea chai akaniuliza, "Msomi, ile mashine bado ipo?"

"Ipo, baba. Kila Alhamisi."

"Waambie nakuja." Akanywa. "Nimemvunja mtu mkono kwa ajili ya neno. Sasa acha nilijue hilo neno lenyewe."

Alikwenda kwa miguu yake, bila vijana wa matairi. Mimi na mkewe tulibaki nje ya mlango, lakini ule mlango ulikuwa mwembamba, na nesi wa siku ile, yuleyule wa kiporo, alitueleza mengine baadaye. Walimpaka ganzi ya majimaji, wakapitisha mrija wenye antena, na kipimo cha joto wakakiweka nyuma, mahali ambapo, alisema Kishindo, hata marehemu bwana wake hakuwahi kumpiga. Mashine ikaanza kunguruma kama friji. Maji baridi yakaanza kuzunguka.

"Sharti ni moja," daktari alimwambia. "Usitingishike."

Hilo ndilo lilikuwa pigano lake kubwa. Joto lilipanda. Kwanza lilikuwa kama kukalia kiti cha gari lililoachwa juani. Halafu likawa la kuchanja, likishuka mpaka kwenye mapaja, na juu yake haja ya kukojoa ikamkamata kwa makucha, haja isiyo na pa kwenda. Kila msuli katika mwili ule ulijua jibu moja tu: piga. Vyuma vya pembeni mwa kitanda vilikuwa mikononi mwake. Tulivisikia vikilia.

"Mama yako!" akanguruma. "Mama yako na baba yako na aliyekuunda!"

"Unamtukana nani, baba?" nesi akauliza.

"Mashine!"

"Mtukane, baba. Mtukane sana. Lakini miguu itulie."

Akamtukana. Alimtukania mashine ukoo wake wote, akamwita muuaji, mchawi, mpasha viporo. Alimwahidi kumkunjakunja mpaka atoshee kwenye ndoo. Mkewe, pembeni yangu, alikuwa anatingisha kichwa kwa kila tusi kama anayesikiliza mahubiri. Na miguu haikusogea. Waliposhusha joto na kuzima, nesi alikuta chuma cha kitanda upande wa kulia kimepinda kuelekea ndani, na mzee amelala amelowa chapachapa, anatetemeka, anakitazama kile chuma.

"Nileteeni nyundo nikinyooshe," akasema, kisha akazirai kidogo.

Daktari alitwambia tusitarajie muujiza siku hiyo. Nyama iliyopigwa huvimba kabla ya kusinyaa, kama jicho lililopigwa ngumi. Mpira ungebaki mpaka uvimbe upungue, ndipo wangeutoa na kumjaribu kwa mara ya tatu. Mkojo ukitoka, anarudi gerejini mtu huru. Usipotoka, hakuna mashine nyingine, na moyo hauruhusu kisu.

Leo ndiyo siku hiyo. Wamemjaza maji kibofuni, wamevuta mpira, wamempa jagi lenye mistari, wakamwambia akae barazani anywe maji, asilazimishe. Tumekaa naye kwenye benchi: mkewe, binti yake, fundi umeme ambaye hakualikwa, na mimi. Kishindo amevaa shati la kupiga pasi na ameshika jagi kama kikombe cha ushindi cha timu iliyofungwa.

"Bado?" nesi anauliza akipita.

"Bado."

"Usitie hasira, baba. Hasira inabana."

"Sina hasira," anasema, na mshipa wa shingoni unacheza.

Mlango wa mwisho wa baraza ukafunguliwa, akaingia Rangi. Mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Sikio limepungua. Hakumsalimu mtu. Alikuja akasimama ukutani, mbele ya kaka yake, akamtazama yeye na jagi lake.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kutazama kama mkono wangu umevunjwa bure."

Binti akainuka, "Baba mdogo, tafadhali..."

"Mwache," Kishindo akasema. "Ana haki ya kujua." Akataka kuongeza neno, mdomo ukafunguka, halafu uso wake ukabadilika. Akaweka kiganja chini ya kitovu. Akasimama. Sote tukasimama.

"Mnakwenda wapi nyie?"

Tukakaa. Akaingia chooni na jagi lake, akafunga mlango. Baraza zima likanyamaza, hata wagonjwa wa benchi la pili, ambao fundi umeme alikwisha kuwapa habari yote. Tunamsikia akifungua mkanda. Tunamsikia akipumua, pumzi ndefu za mtu anayeinua injini. Hakuna kingine. Mkewe ameshika mkono wangu na kucha zake zinaniingia. Binti anasoma dua kwa midomo tu.

Rangi ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa lile sikio zima. Kisha, bila kumtazama mtu, anasogea kwenye sinki la kunawia lililo ukutani, jirani na mlango wa choo, na kwa mkono wa kushoto, ule usio na mazoea, anafungua bomba. Maji yanaanza kuchuruzika, membamba, yenye sauti ile inayoita mkojo.

"Nani anamwaga maji huko?" nesi anaita kutoka chumbani.

"Shh!" tunamjibu sote.

Rangi anaongeza bomba kidogo.